Mvua ikinyesha stesheni zote zinaongea pamoja: yaliyonikuta na redio modemu huku Mbale

Nianze na taa. Kwenye boksi la repita yetu (redio inayopokea habari za stesheni na kuzirudia ili zifike mbali) pale juu mlima Wanale, hapa Mbale mashariki mwa Uganda, kuna taa ndogo nyekundu inayowaka kila repita inapotuma. Mimi nilikua naipita tu, nacheki betri, nakaza kebo ya antena, nafunga boksi nashuka. Aliyenifungua macho ni mzee anayelinda ule mnara. Yeye Mgisu, mimi Mteso wa upande wa Tororo, kwa hiyo maneno yetu yote ni Kiswahili. Siku moja nimepanda asubuhi baada ya mvua ya usiku kucha, akaniambia hivi, "Fundi, hii mashine yako jua likiwaka inakonyeza polepole, ila mvua ikianza tu hiyo taa haizimiki, inawaka mpaka mvua iishe. Ndo inavyotakiwa?" Nikamjibu ndiyo mzee, ni kawaida, mvua ikinyesha habari zinakua nyingi. Nikashuka. Nimefika karibu nusu ya mlima ndo nikasimama pale njiani na begi mgongoni, kwa sababu mvua ikinyesha sisi kule ofisini hatupati habari nyingi, tunapata chache kuliko siku zote, stesheni nusu zinakua kimya. Sasa kama repita inatuma usiku mzima inatuma nini na inamtumia nani?

Wacha nieleze mtandao wenyewe kwanza. Ni stesheni 17, zingine ni matangi ya maji, zingine nyumba za pampu, zingine ni vipimo vya kina cha mto Manafwa na vijito vyake, kuanzia huko juu Bududa mpaka chini upande wa Butaleja kwenye mashamba ya mpunga. Kituo kikuu kiko Mbale mjini. Kila stesheni ina redio modemu, yaani redio inayotuma data badala ya sauti, zote za UHF, frikwensi moja tu ndo tulikua nayo, chaneli ya kilohezi 12.5, spidi ni biti 9600 kwa sekunde. Stesheni 5 zinasikika mjini moja kwa moja, 9 zinapitia repita ya Wanale, na 3 za kule nyuma kabisa zinapitia repita ya pili iliyo kwenye kilima kingine halafu ndo Wanale. Repita zetu zinapokea pakiti nzima (kifurushi kimoja cha data), zinaishika, halafu zinairudia kwa frikwensi ileile. Kumbuka hilo, maana wakati repita inarudia inakua kiziwi, haisikii mtu.

Na kwa nini najali hii kitu hivi. Mtu wa Mbale hahitaji kuambiwa, usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022 mito Nabuyonga na Namatala ilijaa ikaingia mpaka kwenye nyumba za watu, na Bududa wenyewe bado wanahesabu miaka kuanzia tarehe 1 Machi 2010, mlima uliposhuka ukafunika kijiji cha Nametsi. Mimi kazi yangu ni maji ya bomba tu, kazi ndogo, kipimo cha mto kinaniambia tope linakuja nizime pampu kabla halijaingia kwenye mitambo. Lakini ukiwa huku, kipimo cha mto kikinyamaza usiku wa mvua hulali.

Sasa kulikua na stesheni moja upande wa Bududa iliyonitesa miezi miwili. Kiangazi inafanya kazi vizuri sana, mvua ikianza inapotea, mvua ikiisha inarudi. Kila mtu anaambiwa hayo atasema maji yanaingia kwenye kebo, na mimi nilisema hivyohivyo. Nikabadilisha kebo. Nikafunga viungio vyote kwa ile tepu nyeusi inayovutika. Ikapotea tena. Nikabadilisha modemu, bado. Nikabadilisha modemu mara ya pili, na hiyo ni pesa, na ni boda kwenye matope na mguu saa nzima na betri ya akiba kichwani kwa kijana aliyenisindikiza. Nimefika pale napima, antena safi, nguvu inatoka yote, betri volti 12.8, redio nzima kabisa. Halafu nimesimama palepale mvua inaninyeshea naangalia taa yake inatuma, inatuma tena, kila baada ya sekunde 3, na mwenzangu wa ofisini ananiambia kwenye simu "hamna kitu hapa, hamna hata moja".

Kumbe redio ilikua haina kosa lolote. Waliotufungia mtandao waliupanga hivi, kila stesheni ikiona jambo (kina kimepanda, mvua imezidi, pampu imezima) inatuma yenyewe papo hapo, halafu inangoja kujibiwa, isipojibiwa ndani ya sekunde 3 inatuma tena, na tena, na tena. Siku walipotukabidhi walijaribu wakigusa stesheni mojamoja. Hii inaita, mjini wanaipata, makofi. Inayofuata. Hakuna aliyejaribu zote pamoja, na mvua ya mlima Elgon yenyewe inagusa zote pamoja.

Nikakaa chini na kalamu. Pakiti yetu ni baiti 60, kwa spidi ile ni milisekunde 50 za data, ongeza milisekunde 40 za redio kuamka na kutulia kabla haijaanza kusema, ongeza mkia kidogo, unafika milisekunde 100. Repita ikirudia ni 100 zingine. Kwa hiyo kila ujumbe unaopitia Wanale unakula milisekunde 200 za hewa. Stesheni 12 zinazopita pale zikituma kila sekunde 3 ni sekunde 2.4 kati ya kila sekunde 3, na hapo sijahesabu majibu ya kutoka mjini wala zile 5 za karibu. Nilipoona hiyo namba nikaelewa taa ya mzee.

Na usifikiri kwa kua 2.4 ni ndogo kuliko 3 basi inaenea. Hili jambo watu walilifanyia hesabu zamani sana, kule Hawaii, Norman Abramson na wenzake wa chuo kikuu waliunganisha visiwa kwa redio mwaka 1971 na mtandao wakauita ALOHAnet, na spidi yao ilikua biti 9600 hizohizo. Kila mtu anatuma anapotaka, asipojibiwa anarudia. Hesabu ikaonyesha mtandao wa namna hiyo ukijitahidi mwisho wake ni asilimia 18 hivi ya muda wa hewa kubeba kitu cha maana, zaidi ya hapo kila unavyoongeza watumaji ndo unavyozidi kupata kidogo, kwa sababu pakiti zinagongana na waliogongana wanarudia na wakirudia wanawagonga wengine. Baadaye ikagundulika ukigawa muda vipandevipande na kila mtu aanze kutuma mwanzoni mwa kipande, unafika kama asilimia 37. Sisi tulikua tunadai asilimia 80.

Mtu ataniuliza, si modemu zina ile kusikiliza kwanza kabla ya kutuma? Zinayo, na ilikua imewashwa. Ila ukija huku uone milima ilivyo. Stesheni iliyo kwenye bonde moja na iliyo nyuma ya kigongo kinachofuata hazisikiani hata kidogo, kila moja inasikiliza inakuta kimya, inasema haya wacha nitume, na repita pale juu inazisikia zote mbili kwa mara moja. Inasikia kelele. Kusikiliza kunasaidia kwa wale wanaosikiana tu. Na kuna jambo lingine baya zaidi, kwenye redio hizi mwenye sauti kubwa hazami, pakiti mbili zikigongana ile yenye nguvu zaidi inaweza kupenya ikapokelewa vizuri kama vile hakuna kilichotokea. Tangi lililo karibu na Wanale lilikua linashinda kila mgongano, yule wa Bududa wa mbali anashindwa kila mgongano, kwa hiyo kwenye ripoti unaona mmoja mzima siku zote na mmoja mgonjwa siku zote. Ndo maana nikabadilisha modemu mbili nzima bure, na mpaka leo nikiona stesheni inayopotea wakati wa mvua naanza kuuliza wengine walikua wanafanya nini saa hiyo kabla sijabeba bisibisi.

Nilifikiria ile njia ya kuomba ruhusa kwanza, yaani stesheni inatuma kijipakiti kifupi naomba kusema, inajibiwa sema, wengine wakisikia hilo jibu wananyamaza. Nzuri kama una data ndefu. Kwa baiti 60 zetu, ombi na ruhusa vinabeba kila kimoja zile milisekunde 40 za kuamka, halafu vyote vinapita repita, unatumia hewa nyingi kuomba kuliko kusema. Njia ya frikwensi mbili ndo ningeipenda, repita inapokea kwa moja na inarusha kwa nyingine wakati huohuo, hapo stesheni zote zinasikia repita iko bize mara tu mwenzao anapoanza na zinangoja. Ila inataka frikwensi ya pili kwenye leseni, na repita yenye vichujio vile vikubwa ili isijizibe masikio, na bajeti haikuwepo.

Kwa hiyo nikarudi kwenye kitu cha zamani kabisa, zamu. Kituo cha Mbale kinaita stesheni moja kwa jina, inajibu, kinaita inayofuata, na hakuna stesheni inayofungua mdomo bila kuitwa. Kama kikao cha msiba, mwenyekiti anaita huyu aseme, halafu yule. Wenzangu walikataa mwanzoni, wakasema tukingoja zamu tahadhari itachelewa. Nikawapigia hesabu mbele yao. Stesheni ya karibu, swali milisekunde 100, kufikiri tuseme 150, jibu 100, jumla 350. Ya kupitia Wanale 550. Ya kupitia repita mbili 750. Zote 17 ni sekunde 9, weka na nafasi za kupumua katikati iwe 12. Sekunde 12! Mto haupandi kwa sekunde 12. Ule mtindo wa kila mtu aseme papo hapo ulikua unatuletea habari baada ya saa mbili au usilete kabisa. Kiangazi tunazungusha kila dakika 5 tuhifadhi betri za sola, na stesheni yoyote ikijibu na alama ya mvua, kituo kinaanza kuzunguka bila kusimama.

Kabla ya hapo nilikua nimejaribu kuziba tu, na kuna kimoja lazima nikiseme kwa sababu nakiona sehemu nyingi. Nyumba za pampu zinatumia umeme wa kawaida. Radi ikipiga umeme unakatika, ukirudi unarudi kwa zote sekunde ileile, zinaamka pamoja, zinatuma "nimeamka" pamoja, zinagongana, zinangoja sekunde 3 pamoja, zinagongana tena. Na ile salamu yao ya kila dakika 10 ilikua inahesabiwa kuanzia zilipoamka, kwa hiyo zinaendelea kugongana kila dakika 10 wiki nzima mpaka mtu azizime na kuziwasha kwa kupishana. Kama lazima stesheni zako zitume zenyewe basi ile sekunde ya kurudia iwe ya bahati nasibu, kila moja ichague yake na ibadilishe kila mara ikishindwa, na muda uongezeke. Sekunde 3 kwa wote ni sawa na kuwapangia miadi ya kugongana.

Basi zamu zikafanya kazi, mvua za kwanza tukazipita vizuri nikalala. Halafu tukaongeza vipima tope kwenye matekeo ya mto, na stesheni zenye vipima tope zikaanza kupotea, safari hii mchana kweupe bila mvua. Hapa nilishangaa sana maana kwenye zamu hakuna wa kugongana naye. Nikachukua redio ya mkononi nikaiweka kwenye frikwensi yetu, unasikia krrr, krrr, kila krrr ni pakiti. Masikio hayatoshi kwa milisekunde, nikairekodi kwa simu, nikafungua ile sauti kwenye laptopu kwenye programu ya kukatia sauti, unaona vibonge vyeusi kwenye mstari. Kibonge cha kwanza, swali letu. Kibonge cha pili, Wanale inarudia. Halafu pengo, stesheni inafikiri na inajibu ila mimi hapa mjini siisikii. Halafu kibonge cha Wanale kinaleta jibu, na katikati yake kabisa kimekatwa na kibonge kikubwa kinene. Kile kinene ni sisi wenyewe.

Muda wa kungoja jibu kwa stesheni za Wanale ulikua umewekwa milisekunde 500 tangu swali lianze. Stesheni za mwanzo zilikua zinafikiri milisekunde 80 tu, jibu linamalizika kwenye 480, inapita mlangoni kwa milisekunde 20. Kipima tope kikapeleka kufikiri kwenye 150, jibu likawa linaingia kati ya 450 na 550, na ikifika 500 kituo chetu kinasema huyu hajajibu, kinabonyeza kutuma swali upya na hapohapo kinakua kiziwi kwa jibu linaloingia. Wanale nayo iko inatuma kwa hiyo swali jipya inalipata nusu. Tunarudia, kosa lilelile, kila mara, bila kukosea. Nikaweka 500 kwa za karibu, 800 kwa za Wanale, 1100 kwa za repita mbili, stesheni zote zikarudi palepale nimekaa. Wengi wakiona stesheni haijibu wanapunguza muda wa kungoja na kuongeza idadi ya kurudia, nami nawaelewa, unataka ijibu haraka, lakini kwenye mtandao wenye repita unajigonga mwenyewe.

La mwisho lilikua la repita mbili. Modemu ya kile kilima cha pili iliungua na radi, ikawekwa mpya, na aliyeiweka aliiacha na mipangilio ya kiwandani, rudia kila unachosikia. Na ile ya Wanale tangu zamani ilikua hivyohivyo, ilikua haijaleta shida kwa sababu mwenzake alikua na adabu. Simu ikalia saa nne asubuhi. Mzee. "Fundi, leo jua kali kabisa na taa haizimiki." Wanale inarudia pakiti, kilima cha pili kinaisikia kinairudia, Wanale inasikia ile nakala inaona ni mpya inairudia tena, mwangwi usioisha, na katikati ya mwangwi stesheni inajaribu kujibu. Nilipanda siku hiyohiyo. Kila repita sasa ina orodha ya namba za stesheni zake, isiyo kwenye orodha haigusi, na pakiti iliyokwisha kupita inaikumbuka kwa muda ili ikirudi iiachie. Tangi moja liko begani mwa kigongo linasikika na repita zote mbili, hilo nimelikabidhi Wanale peke yake.

Mwezi wa nne mvua imeshuka usiku wa Jumamosi, kubwa, nilikua ofisini naangalia skrini. Stesheni 17, zote zinajibu, sekunde 12, sekunde 12, sekunde 13 kwa sababu mbili zimerudia mara moja. Manafwa ikaanza kupanda kule juu tukazima pampu za chini mapema, tope likapita.

Ndani ya boksi la Wanale nimebandika karatasi iliyofunikwa nailoni, stesheni gani inapita wapi na inachukua milisekunde ngapi, kwa Kiswahili, kwa fundi yeyote atakayekuja. Na mzee nilimpelekea daftari la shule la kurasa 96. Anaandika tarehe, saa, mvua au jua, taa inakonyeza au haizimiki. Nikipanda nasoma daftari kwanza, laptopu inabaki kwenye begi.